Siku Kidole Changu Kilipopimwa kwa Saa ya Kijerumani

Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia, kile kidogo na jirani yake, vilibaki kwenye mashine ya kusaga nafaka pale Lizaboni, hapa Songea. Waliovipoteza ninawafahamu na nitawataja, ila kwa kazi zao, maana majina yao siwezi kuyapa heshima ya kuandikwa. Wa kwanza ni mwenye mashine. Wa pili ni fundi wake wa kuchomelea. Wa tatu ni mama mmoja wa ndoo ya njano. Huyo hakunikata kitu, lakini alitangaza kwamba aliniona nikisinzia, na wakati ajali inatokea alikuwa ametupa mgongo anapenyeza ndoo yake mbele ya wenzake kwenye foleni. Huyo nimemmaliza hapo, asitegemee kupata ukurasa mwingine.

Wengine wakisimulia ajali husema waliamka na moyo mzito. Mimi niliamka vizuri tu. Nikanywa chai na mihogo ya kuchemsha, nikafunga kilemba, nikaenda kazini nikiimba. Mashine ile inazungushwa na mota, na kati ya mota na kinu unapita mkanda mpana wa mpira. Zamani mkanda ulikuwa na kinga yake, kizimba cha nondo na wavu wa chuma, hata ungetaka kuugusa usingeweza. Mwenye mashine akasema kinga inamchelewesha mkanda ukikatika, akamwita fundi aiondoe. Fundi akaiondoa asubuhi. Jioni yake napita nyumbani kwa mwenye mashine, naikuta imeshakuwa mlango wa banda la kuku, tena imepakwa rangi. Kuku wakapata ulinzi, mimi nikabaki na mkanda.

Siku yenyewe nilikuwa nakung'uta kiroba kitupu karibu na puli, lile gurudumu linalozungusha mkanda. Mkanda ukanyaka pembe ya kiroba, kiroba kikavuta mkono. Nakumbuka mshindo. Halafu nakumbuka unga mwekundu, na mimi nimesimama pale najiuliza mtama umetoka wapi wakati tulikuwa tunasaga mahindi.

Mwenye mashine alikuja hospitali na machungwa. Akakaa kwenye kitanda changu, karibu kabisa na mguu, akaniambia kwa upole, "Pole sana, mama. Ila mimi najiuliza kitu kimoja. Kwa nini hukukiachia kiroba?"

Swali hilo lilikuwa chungu kuliko mkono. Kwa sababu nami nilikuwa najiuliza. Nililala nalo, nikaamka nalo. Na niliporudi nikiwa na bandeji, nikitaka nafasi yangu, nikakuta jibu limeshatolewa mbele ya foleni nzima. "Mama wa watu mikono imekuwa mizito," alikuwa anawaambia wateja. "Mwenzake angekiachia kiroba mara moja. Mashine haitaki mtu mzito." Pale kwenye kinu akawa amemweka mpwa wake, kijana ambaye alikuwa anasaga dona za watu huku anaangalia mpira kwenye simu.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la tano huko Mpitimbi, na kitu pekee ninachojua kukifanya vizuri mjini ni kusaga. Kama mikono yangu ni mizito, basi narudi kijijini kulima na mkono wenye pengo, na kila atakayeniuliza ataambiwa ni uzembe wangu. Kama si mizito, nataka kinu changu, na nataka aliyesema mbele ya foleni ayafute mbele ya foleni. Nilikuwa nataka hayo mawili tu, na kila Jumapili baada ya misa niliyasema nje ya kanisa kwa sauti ambayo hata waliokuwa sakristia waliisikia.

Jumapili moja akanijia mzee mmoja, kofia mkononi, viatu vimepigwa rangi hadi kwenye soli. Nilimfahamu. Ni baba mdogo wa mwenye mashine, mkufunzi mstaafu wa chuo cha ualimu. Alikuwa anafundisha saikolojia, elimu ya akili za watu, na mtaani tunamwita Mwalimu basi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Nimekusikia. Nimekusikia Jumapili ya leo, na ile iliyopita, na ile ya kabla yake. Unasema wewe si mzito, mwanangu anasema wewe ni mzito. Hili si jambo la kugombania. Ni jambo la kupima."

"Linapimwaje, Mwalimu? Kwa mizani ya mahindi?"

Akacheka hadi akakohoa. "Kwa saa, mama. Ninayo nyumbani. Njoo Matarawe na mwanangu nitamwita."

Nikajua nauzwa. Mtoto ni wake, saa ni yake, nyumba ni yake. Lakini nilikuwa nimeshachoka kupiga kelele nje ya kanisa, na mwenye mashine mwenyewe alikubali kwa furaha kubwa. Alisema mbele ya watu: saa ya baba mdogo ikisema mama ni mwepesi, anarudi kazini na nitamsafisha mbele ya foleni. Ikisema ni mzito, anyamaze. Nikasema haya.

Nyumba ya Mwalimu haikuwa na sebule. Ilikuwa na sebule kabla vyombo havijafika. Chuo kilipokuwa kinasafisha stoo, walitaka kuyatupa masanduku ya mbao yaliyoletwa enzi za wamisionari, na Mwalimu akaomba ayachukue. Sasa kila mahali ambapo mwenzake angeweka kabati la vyombo vya chai, yeye kaweka shaba na chuma. Mkewe alinipokea mlangoni, mama mnene mwenye macho ya kucheka.

"Karibu mwenzangu. Pita hapo, usikanyage uma. Pita huku, usiguse hilo kopo, litakupaka masizi. Nilipoolewa nilijua naolewa na mwalimu. Hakuna aliyeniambia naolewa na stoo."

"Mke wangu hapendi historia," alisema Mwalimu.

"Historia naipenda. Nachukia kuipangusa vumbi."

Mwenye mashine alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kochi pekee lililobaki huru, funguo za gari zinazunguka kwenye kidole. Alikuwa na haraka. Mwalimu hakuwa na haraka hata kidogo. Alikuwa amepata wasikilizaji, na nadhani tangu astaafu hakuwa amepata wasikilizaji waliokuja wenyewe.

Akatuonyesha kimoja kimoja. Lile kopo lenye masizi ni silinda ya shaba inayozunguka yenyewe kwa kamba ya ndani kama saa ya ukutani. Zamani waliizungushia karatasi nyeupe, wakaipitisha juu ya moshi wa taa hadi ikawa nyeusi tii, halafu sindano nyembamba ikawa inachora juu ya masizi mapigo ya moyo wa mtu, au pumzi yake, au mtetemo wa mkono wake. Mwalimu alikuwa anatumia koroboi. Mkewe akatuonyesha dari.

Akatuonyesha uma za chuma zisizo za kulia chakula. Ukiigonga inatoa sauti moja tu, ileile, haibadiliki, hata ukiigonga kwa hasira. Akatuonyesha kifilimbi kidogo chenye skrubu nyuma. Unavyoikaza, sauti inapanda, inapanda, hadi wewe husikii kitu. Aliyekibuni ni Mwingereza mmoja aliyekificha kwenye fimbo yake ya kutembelea, akawa anazurura kwenye bustani ya wanyama anawapulizia simba kimyakimya, aone nani atageuza sikio.

"Simba walimfanya nini?" niliuliza.

"Walikuwa kwenye vizimba, mama."

"Bahati yake. Kizimba ni kitu cha maana," nikasema, nikamtazama mwenye mashine. Akaangalia simu.

Mwalimu akakipuliza kifilimbi. Sisi hatukusikia kitu. Mbwa wa jirani akaanza kulia kama amefiwa, na mama mmoja upande wa pili wa ukuta akapaza sauti, "Mwalimu! Umeanza tena?"

Halafu akachukua kitu kama bikari ya shule, chenye ncha mbili, akaniomba mkono, ule wa kulia. Wengi wakiuona hutazama pembeni. Yeye aliushika kama mtu aliyepewa kitabu.

"Fumba macho. Nagusa. Ni ncha ngapi?"

"Moja."

"Ni mbili." Alikuwa amegusa juu kidogo ya kifundo cha mkono. "Ngozi ya hapo ni ya uvivu, haitofautishi. Na hapa?"

Hapo ni ncha ya kidole cha shahada. "Mbili."

"Safi. Na hapa?"

Akagusa pembeni, penye kovu. "Moja kwenye kovu," nikasema. "Nyingine kwenye kidole kidogo."

"Kidole kidogo hakipo, mama."

"Ndiyo nakwambia."

Mkewe akaweka chai mezani bila kugonga vikombe. Mwalimu akasema taratibu kwamba hata hilo wenzetu wa zamani walilijua, kwamba mwili una ramani yake kichwani na ramani haichomolewi na mkanda. Hilo ndilo neno moja la elimu lililowahi kunifariji. Lakini dakika hiyohiyo mwenye mashine akasema, "Baba mdogo, tupime basi, nina mzigo Namtumbo," na faraja ikaisha.

Saa yenyewe ilikuwa chini ya kitambaa, kama ekaristi. Mwalimu akaifunua. Ilikuwa ndefu, ya shaba, imesimama kwenye nguzo zake, ina nyuso mbili kama saa mbili zilizopandana, na chini inaning'inia jiwe la kuivuta. Akavuta uzi wa kushoto, ikaanza kulia. Haikugonga kama saa. Ililia kama mbu aliyeingia sikioni. Mshale mmoja ulikuwa unazunguka kwa kasi hata macho hayauoni, unaona ukungu tu.

"Hii haihesabu sekunde," alisema. "Sekunde moja kwake ni safari. Inaikata vipande elfu."

"Nani alikuwa na haja na vipande hivyo?"

Akakaa. Mwenye mashine akaguna, maana alijua baba yake mdogo akikaa.

"Ilianza kwa nyota, mama. Zamani huko Ulaya walikuwa wanaangalia nyota kwa darubini. Ndani ya darubini kuna uzi mwembamba. Nyota ikikatiza uzi, unataja wakati, kwa kusikiliza saa inavyogonga. Ndivyo walivyopanga majira ya dunia. Sasa bosi mmoja akagundua msaidizi wake anachelewa. Kila nyota ikikatiza, msaidizi anasema baadaye kuliko bosi. Akamwonya. Msaidizi akajitahidi, akazidi kuchelewa. Akamfukuza."

"Akamfukuza? Alichelewa kiasi gani?"

"Haifiki sekunde moja."

Nikaweka kikombe chini. "Na bosi alipimwa na nani?"

Mwalimu akanigeukia. Nadhani kwenye miaka yote ya kufundisha hakuna mwanafunzi aliyemuuliza. "Hakuna, mama. Alijichukua yeye kuwa ndiyo saa. Ni baadaye sana mtu mwingine wa nyota aliisoma habari hiyo akashtuka, akaanza kujipima yeye na wenzake, akakuta kila mtu ana kuchelewa kwake. Jicho linaona, habari inasafiri, mkono unapata amri. Hakuna asiyechelewa. Mabosi pia."

"Baba mdogo," mwenye mashine akasema, "mambo ya nyota na mashine ya kusaga wapi na wapi?"

Mwalimu hakumjibu, alikuwa ameshaingia Ujerumani. Akasema huko ndiko walikofungua chumba cha kwanza cha kupima akili kama fundi anavyopima mbao, na kwamba karibu kila chombo chao kilikuwa cha kuazima. Saa hii ilibuniwa na mtengeneza saa wa Uswisi. Uma walizichukua kwa watu wa muziki. Silinda ya masizi walichukua kwa madaktari waliokuwa wanapima damu inavyokwenda. Kibonyezo walichukua kwa wapeleka simu za maandishi.

"Kumbe ni kama jiko langu mwisho wa mwezi," nikasema. "Kila sufuria ina mwenyewe jirani."

"Na saa yenyewe nayo walikuwa wanaipima," aliendelea, kafurahi. "Kulikuwa na nyundo maalumu ya kuanguka. Unajua nyundo inaanguka kwa muda gani, unaiangusha, unaona saa inasemaje."

"Kwa hiyo nayo huwa inadanganya?"

"Inadanganya, mama, hasa betri ikichoka. Lakini leo nimeweka betri mpya ya bodaboda."

Haya, tukapima. Mezani mbele yangu kuna taa ndogo nyekundu na kibonyezo cha shaba. Mwalimu yuko upande wa pili na swichi yake. Akiwasha taa, saa inaanza kuhesabu. Nikibonyeza, inasimama. Nilikuwa nimekaa wima kama ninayepigwa picha ya kipaimara. Kinu changu, jina langu, vyote vilikuwa kwenye kidole kimoja.

"Sasa, mama," Mwalimu akaanza, "utaiona taa. Ukiiona tu, bonyeza. Usifikiri. Usisubiri. Maana ukifikiri tunapima fikra, na tukitaka kupima fikra tunaongeza taa ya pili, ndivyo alivyofanya Mholanzi mmoja, daktari wa macho, ambaye yeye alikuwa na wazo kwamba..."

Taa ikawaka. Nikaiona. Mwalimu akawa anamalizia habari ya Mholanzi. Alipofika mwisho, nikabonyeza.

Akasoma saa. Akakunja uso. "Tena, mama. Tulia kabisa. Kidole kikae hapo hapo, kisipande juu, maana kikipanda juu kinakuwa na safari ya kushuka, na wenzetu wa zamani walilijua hilo, wakasema..."

Taa. Nikasubiri wenzetu wa zamani waseme. Nikabonyeza.

Tukarudia na kurudia, na kila mara uso wa Mwalimu unazidi kurefuka na wa mwenye mashine unazidi kunawiri. Mwisho Mwalimu akavua miwani. "Mama," akasema kwa huruma, "nasikitika. Saa inasema wewe ni mzito. Mzito sana. Kwa kweli sijawahi kuona namba kama hizi kwa mtu aliye macho."

Mwenye mashine akapiga makofi. "Si nilisema! Baba mdogo, si nilisema?" Akasimama, funguo mkononi.

Nilihisi baridi hadi kwenye vile vidole visivyokuwepo. Lakini kitu kilikuwa kinanikereketa. "Mwalimu," nikasema, "samahani. Taa niliiona mapema."

"Uliiona?"

"Mara zote. Mapema kabisa."

"Sasa kwa nini hukubonyeza?"

Nikashangaa anauliza nini. "Ulikuwa bado unaongea."

Mbu akaendelea kulia ndani ya saa.

"Kwetu mzee akiongea mkono haufanyi kitu," nikamweleza. "Tukiwa tunatwanga babu akaanza neno, mchi unabaki hewani hadi amalize. Bibi alikuwa anapiga mkono wa mtoto anayegusa bakuli mzee hajafunga mdomo. Ningebonyezaje, Mwalimu, na wewe hujamaliza habari ya Mholanzi?"

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka amejishika kwenye fremu ya mlango. "Jamani! Saa imempima mume wangu! Imepima anavyoongea!"

Mwalimu akajipiga paji la uso. "Nimefundisha hili miaka yote," akasema. "Nimelifundisha kwa mdomo wangu. Walikuwa wanakaa vyumba tofauti! Mpimaji chumba kingine, mpimwaji chumba kingine, katikati nyaya tu, ili sura na sauti ya mpimaji isiharibu kipimo. Mimi nimekaa hapa nahubiri!"

Akabeba saa, betri, swichi, akahamia jikoni. Waya ukapitishwa chini ya mlango. Mlango ukafungwa. Mkewe akabaki na mimi sebuleni.

"Mwenzangu," akaninong'oneza, "tangu nimeolewa natafuta namna ya kumnyamazisha. Kumbe dawa ni waya."

Taa ikawaka. Nikabonyeza. Ikawaka, nikabonyeza. Hakuna mzee, hakuna Mholanzi, kuna taa na mimi. Ilikuwa rahisi hadi nikaona aibu. Jikoni kukasikika sufuria imeanguka, halafu sauti ya Mwalimu inasema "Ahaa!" na mara mlango ukafunguliwa akiwa amekumbatia saa kama mtoto.

"Kama sehemu ya tano ya sekunde," alisema. "Mama, hivyo ndivyo binadamu alivyo. Hivyo ndivyo walivyokuwa wale vijana wa chuo huko Ujerumani. Wewe si mzito hata chembe."

Mwenye mashine akaketi tena. "Mara ya kwanza imesema mzito, mara ya pili imesema mwepesi. Hiyo saa haijui inachosema."

"Basi jaribu wewe," nikasema.

"Mimi wa nini? Sikukatwa mimi."

"Wale wa nyota ndivyo walivyoanza," nikasema, na Mwalimu akamnyooshea kiti bila neno. Kwa baba mdogo hakuna kubisha. Akakaa.

Mlango ukafungwa. Mwenye mashine akaweka kidole, akaitolea macho taa kama anamtolea macho mdeni. Akabonyeza. Taa ilikuwa haijawaka. Akabonyeza tena. Taa bado. Kutoka jikoni Mwalimu akapaza sauti, "Subiri taa!" Akasubiri kidogo sana, akabonyeza. Ikawaka baada yake. Akalaani kimoyomoyo, simu yake ikaita, akaangalia simu, taa ikawaka ikazimika mwenyewe hayupo.

"Huyu hapimiki," Mwalimu akasema alipotoka. "Anajibu kabla hajaulizwa."

"Mimi ni mtu wa kasi," mwenye mashine akajitetea. "Ndivyo nilivyo. Hata mota yangu, baba mdogo, muulize yeyote Songea hii, hakuna mota inayozunguka kama ile. Niliifunga makusudi puli kubwa. Mkanda unakwenda huuoni! Ukipepesa macho umeshasagiwa ndoo."

Mwalimu akanyanyua kichwa. "Huuoni?"

"Huuoni kabisa!"

"Kaa hapo hapo." Akachukua penseli. Akamuuliza puli ina upana gani, mota inazunguka vipi, na mwenye mashine akajibu yote kwa majivuno, anaongeza ya juu. Mwalimu akahesabu juu ya karatasi ya masizi, kwa ncha ya penseli, mistari myeupe ikitokea kwenye weusi. Alipomaliza alikuwa haongei. Ndipo nilipojua kuna jambo.

"Mwanangu," akasema, "kwa kasi hiyo uliyonitajia, kiroba kikishanyakwa, mkono umeshafika kwenye puli kabla ubongo haujapata habari kwamba kuna kiroba. Si ubongo wake. Ubongo wowote. Wako, wangu, wa yule bosi wa nyota. Hakuna binadamu aliyezaliwa anayeweza kukiachia. Umemuuliza mama wa watu kwa nini hakukiachia. Hilo swali huwezi kuuliza kitu chenye damu. Kwa mkanda kama huo kuna jibu moja tu, nalo ni kinga. Kinga iko wapi?"

Mwenye mashine akaangalia funguo zake.

"Inalinda kuku," nikasema.

Sitasimulia aliyoambiwa baada ya hapo, maana yalisemwa na mzee kwa mtoto wake na nilitoka nje kwa heshima. Nilisimama kwenye veranda na mke wa Mwalimu, tunakunywa chai. Dirisha lilikuwa wazi, tukasikia kila neno. Mimi nilikuwa nalia. Si kwa sababu nimeshinda. Nilikuwa nalia kwa lile swali. Miezi yote ile nilikuwa nalala na kiroba mkononi, kila usiku najaribu kukiachia mapema zaidi, na kila usiku nachelewa. Kumbe hakuna ambaye angewahi.

Fundi wa kuchomelea aliletwa Jumatatu, akatengeneza kinga mpya ya nondo nene, na alipokuwa anachomelea nilisimama juu yake kama mkaguzi. Hakunitazama usoni. Namwandika hapa ili ajue kwamba niliona.

Halafu likabaki la foleni. Mwenye mashine alitaka kuondoka kimya kwenda Namtumbo. Nikakaa mbele ya swichi ya mota na mikono kifuani. Akina mama walikuwa na ndoo zao hadi barabarani.

"Jamani," akasema, huku anaangalia juu kwenye mabati, "mama huyu amerudi. Amepimwa. Vipimo viko sawa."

"Alikuwa anaumwa nini?" mmoja akauliza.

"Haumwi! Amepimwa mikono."

"Sema vizuri, bosi," nikasema. "Ulivyosema vibaya ulisema kwa sauti."

Akashusha macho kutoka kwenye mabati. "Mkanda haukuwa na kinga. Niliiondoa mimi. Yeye hakuchelewa."

Aliyasema haraka, yamebanana kama anapita kwenye mvua, lakini aliyasema, na foleni ikayasikia. Samahani hakusema. Hadi leo hajasema, na mimi sijaacha kuingoja, na nikikutana naye namsalimia kwa sauti kubwa ili akumbuke anachodaiwa. Mpwa wake alikuwa ameshavua aproni, anauliza kama ndani ya nyumba kuna mtandao mzuri zaidi.

Bibi mmoja wa mbele, mwenye sado mbili za mahindi, akanisogelea. "Mwanangu, hiyo saa iliyokupima, inapima na wanaume wanaochelewa kurudi nyumbani?"

"Hiyo haiwezi, bibi," nikamwambia. "Inahesabu vipande vya sekunde tu. Wale inabidi wapimwe kwa kalenda."

Foleni ikaangua kicheko hadi nje barabarani, hata ambao hawakusikia wakacheka. Nikapokea mahindi ya bibi, nikamuuliza sembe au dona, akasema dona, nikawasha mota.